Kisima Chini ya Pamba

Alhamisi, 1 Mfunguo Tisa 1323

Nimeteka ndoo ya kwanza kabla wanawake hawajafika, kama kila siku. Maji yananuka tena. Nimeyamwaga. Nimeteka ya pili, nimeonja kwa ncha ya ulimi, nimetema. Si chumvi. Ni uchafu.

Kisima hiki alikiweka wakfu marehemu mume wangu, mwalimu wa msikiti wetu. Alipokufa watu waliniachia watoto wa chuo cha Kurani na kisima. Watoto hukua, huenda zao. Kisima hakiendi popote, na kila mwaka kinataka kitu. Kuzolewa tope. Kuzibuliwa mchirizi. Mwaka huu kinataka yote kwa pamoja. Ukuta wa upande wa kibla unameguka tangu masika, udongo unadondokea majini. Tena huko juu, kwenye kilima, akida wa serikali ya Mdachi kachimba vyoo vya askari wake. Mashimo matupu, hayana hata kifuniko. Maji hushuka. Nani asiyejua hilo?

Mwanaidi, jirani yangu, kaja na mwanawe Sefu mgongoni. Mtoto anahara tangu jana. Nimemwambia amchemshie maji. Kasema kuni ataokota saa ngapi, naye kutwa yuko shamba la pamba la serikali. Nimempa mtungi wangu wa maji ya zamani kidogo, yale ya kabla ya harufu.

Nina hofu. Naandika hivyo basi.

Jumapili, 4 Mfunguo Tisa

Fundi kafika. Anaitwa Libanda, mchimba visima, Mmatumbi wa milima ya kusini. Mfupi, mabega mapana, maneno machache. Kaja na boriti za mikandaa, ile mikoko ya pwani, zilizoshushwa huko Ruaruke. Vijana wetu wamezibeba alfajiri, mnyapara wa pamba asiwaone. Siku hizi hata kubeba boriti ya kisima chako ni wizi wa kazi ya serikali.

Kashuka, kakaa chini muda. Kapanda, kanusa viganja vyake. Kasema atabomoa ukuta wote, atapanga boriti kuzunguka, atashindilia udongo wa mfinyanzi nyuma yake. Mdomo atauinua, maji yanayomwagika yasirudi ndani. Maji ya udhu yatapelekwa migombani kwa mfereji. Nikamwuliza habari ya vyoo vya akida.

"Bi Mwalimu," kasema, "hata nikikupangia boriti za dhahabu, mashimo yale yakibaki pale nitakuwa nimekujengea choo kirefu."

Nimekwenda kwa akida. Kanisimamisha juani. Kasema mwanamke hamwambii askari wake pa kwenda haja. Wenzake wakacheka. Nimerudi na hasira. Kufika nyumbani ilikuwa hofu.

Jumatatu, 12 Mfunguo Tisa

Kazi inakwenda kwa kuibia. Wanaume wanakuja kwa zamu wakitoka shamba la pamba, mikono imechubuka, wanavuta udongo juu mpaka magharibi. Ukuta wa zamani umetoka wote. Kisima kiko wazi kama jeraha. Kikiporomoka sasa, hatuna kisima, na vuli iko mbali. Nimekwenda kukichungulia mara nyingi leo hata Libanda kaniambia nirudi nyumbani nikapike.

Habari mbaya za kusini. Wanasema milimani watu wameng'oa pamba. Wanasema kuna dawa ya maji, ukinyweshwa na kunyunyiziwa risasi ya Mdachi inageuka maji. Wanasema askari wameuawa. Kila msafiri anayepita njia ya Mtunda ana lake. Mke wa Libanda yuko huko. Libanda kashuka kisimani akapiga shoka mpaka nikaogopa atakata mguu.

Sefu hajambo kidogo. Kanywa uji.

Jumatano, 14 Mfunguo Tisa

Sefu kafariki alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Maji ya kumwoshea tumeyateka kisima kile kile. Mengine hakuna. Mwanaidi alinitazama nikichota kwa kata. Bora angenilaumu.

Ijumaa, 16 Mfunguo Tisa

Akida kakimbia.

Jana alikuwa bado anatukana watu. Leo asubuhi nyumba wazi, askari hawapo, kuku wameachwa. Inasemekana watu wa vita wamevuka mto, naye kashika njia ya delta kutafuta chombo cha kumpeleka pwani. Kaacha ghala lake limejaa magunia ya pamba yetu.

Jumbe wetu, Mketo, kaja kwangu akiuliza tufanye nini. Yeye ndiye mkuu wa mji, anakuja kuuliza mjane. Ni mwoga mwenzangu, ndiyo maana tunasikilizana. Nikamwambia, vyoo kwanza. Kanikodolea macho. Akaenda kuwaita watu.

Kabla ya sala ya Ijumaa mashimo ya kilimani yalikuwa yamefukiwa, majivu chini, udongo juu, ukashindiliwa. Mapya tumechimba upande wa bondeni, mbali, mahali pa chini kuliko kisima. Mwanaidi kafukia kwa jembe lile lile la pamba. Alifukia hata palipokwisha kujaa. Tulimnyang'anya jembe.

Nimefurahi. Vita vimefika, watu watakufa, na mimi nafurahia vyoo. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 17 Mfunguo Tisa

Libanda kamaliza. Boriti zimekaa nyeusi, zimebanana, hupitishi hata ukucha. Mdomo umeinuka hadi gotini. Mfereji unapeleka maji ya udhu migombani. Tumezoa maji yote machafu na tope, tukayaacha mapya yapande yenyewe. Alasiri nikateka. Meupe. Hayana harufu. Wanawake wamekunywa wamesimama, kisha wakachotea watoto.

Mwanaidi hakuja.

Libanda anasema Jumanne anakwenda kwao. Nimemwambia njia zimefungwa. Kasema anajua.

Jumanne, 20 Mfunguo Tisa

Nitaandika kidogo kidogo.

Watu wa vita wamefika baada ya adhuhuri. Wengi, mabua ya mtama vichwani, mikuki, magobori machache. Libanda alikuwa keshafunga mzigo, kauweka chini. Mkubwa wao ni hongo, yule mtumishi wa dawa, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Kawanyunyizia vijana wetu maji ya kibuyu chake. Wengi wamekunywa. Jumbe Mketo kanywa. Libanda kanywa. Mimi sikunywa, wala sikuwacheka. Walivyopigwa viboko kwa ajili ya pamba ile, mtu angekunywa chochote.

Kisha nikaona walichobeba mtini. Mzoga wa nguruwe mwitu, umekwisha vimba. Wakaupeleka moja kwa moja kisimani.

Nilikimbia. Sijakimbia tangu ujana wangu. Nikasimama mbele ya mdomo wa kisima, pumzi hakuna.

Hongo kasema, bila ukali, "Mama, jeshi linakuja kutoka Dar es Salaam. Likikuta maji hapa litapiga kambi hapa, litatupiga kutokea hapa. Likiyakosa litapita."

"Na likishapita, sisi tunywe nini?"

"Mtakwenda mtoni."

"Mtoni ndiko mnakopigana."

Kijana mmoja kanishika mkono anisogeze. Mzoga ulikuwa karibu nami hata nikasikia nzi. Hapo Libanda kapita katikati, kasema nao Kimatumbi, nikashika maneno machache tu. Kisha kasema kwa Kiswahili wote wasikie. "Nipeni kesho na kesho kutwa. Nitakifunika, hakuna jicho litakalokiona. Kikifa kisima hiki, watoto wa hapa watakufa kabla ya Mdachi."

Hongo kauliza kitafichwaje kisima kilicho nyuma ya msikiti, kila mtu hujua msikiti una maji. Ndipo Jumbe Mketo akasema tuweke juu yake pamba ya akida. Magunia yote.

Watu walicheka, cheko la woga. Hongo hakucheka. Wao walikuja kuichoma pamba hiyo.

"Mdachi atachoma nyumba zetu," kasema Jumbe. "Msikiti huenda akauchoma. Pamba hataichoma."

Hongo kamtazama sana. Mwishoni kawaambia watu wake wauchukue mzoga wakauzike. Wameondoka na jua likiwa bado juu. Vijana wetu wamekwenda nao.

Alhamisi, 22 Mfunguo Tisa

Jana na leo kila nyumba imejaza mitungi, mabuyu, masufuria, hata vinu. Kisha tumekifunika.

Libanda kang'oa nguzo na kapi ya kutekea. Kisha kavunja mdomo aliouinua mwenyewe, hakumwachia mtu. Nilimwona uso. Kalaza boriti nzito juu ya shimo, chini kidogo ya usawa wa ardhi, majamvi juu yake, mfinyanzi, udongo mkavu, takataka za ua. Mfereji tumeufukia. Halafu pamba. Tumebeba magunia kutoka ghala la akida tangu asubuhi, wanawake, wazee, yeyote aliyebaki. Tumejenga kibanda cha makuti juu yake, kama ghala la haraka. Mwanaidi kabeba zaidi ya wote.

Mtungi mkubwa mmoja wa udhu tumeuacha mlangoni pa msikiti.

Libanda kaondoka alasiri. Kaniambia tukikifungua asishuke mtu kabla ya kuteremsha taa, kwani hewa iliyofungiwa huua. Taa ikizimika tungoje. Nikamwuliza kama anaiamini dawa ile. Kasema, "Bi Mwalimu, mke wangu yuko kule. Sina nafasi ya kuamini wala kukataa." Nikampa mihogo ya kuchoma. Kashika njia ya porini ya Mahege, asionekane barabarani.

Sina mwanamume wa kushuka kisimani tena. Na jeshi linakuja.

Jumapili, 25 Mfunguo Tisa

Wamefika. Mdachi mmoja kwenye machela, askari wengi, wapagazi wengi zaidi. Wapagazi wamefungwa kamba shingoni kwa makundi.

Wametaka maji. Jumbe kasema kisima kimekauka, tunakunywa kidimbwi cha mpungani. Kidimbwi kile ndimo yalimokuwa yakiishia yote ya vyoo vya akida, mvua kwa mvua. Najua. Jumbe anajua. Hawakumwamini, wakamlaza chini, wakampiga kiboko mbele ya watu wote. Mwoga yule. Kila pigo nilingoja aseme. Kalia, kamwita mama yake, kajikojolea. Hakusema.

Basi wamekwenda kidimbwini, wamekunywa, wamejaza vyombo vyao. Nimewatazama wakinywa. Askari sikuwahurumia. Lakini walipowaleta wapagazi nao, na kamba zao, nilishindwa. Ni watu kama sisi, wamekamatwa mashambani kwao. Nikatoa mtungi wangu na kata, nikaenda nikawanywesha. Mlinzi wao hakujali. Mmoja, Mzaramo kwa usemi wake, nguo imekwisha kuwa matambara, kasema, "Ahsante, shangazi." Kasema tena. Nikamwambia kwa sauti ya chini asinywe kidimbwini. Kanielewa, akawanong'oneza wenzake.

Nilikuwa mpumbavu. Shaushi, mkubwa wa askari, aliniona. Ni mtu wa Sudani, mrefu, Mwislamu. Kanitolea salamu kamili. Kachukua kata mkononi mwangu, kaonja.

"Haya si maji ya kidimbwi."

"Ni maji ya mtungi. Yametulia."

"Na msikiti wenu hauna kisima?"

"Ulikuwa nacho."

Kamimina yaliyobaki kiganjani, kayatazama. Kasema kesho asubuhi nitamwonyesha kilipokuwa. Kasema kwa adabu, kama anayeniomba kumwonyesha njia. Kisha akaenda kutawadha kwa maji ya mtungi wa mlangoni, akasali.

Wamepiga kambi kilimani. Wanajisaidia popote, mpaka karibu na kibanda cha pamba. Nimekaa ndani. Siwezi kula. Nikisikia hatua yoyote nje nasema ndiye.

Jumatatu, 26 Mfunguo Tisa

Wameondoka. Niandike yote kabla sijasahau yalivyofuatana, ingawa najua sitasahau.

Shaushi kaja jua lilipochomoza. Kanitembeza. Nyuma ya msikiti, mbele, migombani. Alikuwa akipiga ardhi kwa kitako cha bunduki na kusikiliza. Kapiga hapa, kapiga pale. Udongo wa mfereji uliofukiwa ulikuwa mpya, nikasimama juu yake, kanga yangu ikiufunika. Kauliza kibanda kile ni cha nini. Nikasema pamba ya serikali. Kapiga ardhi mbele yake. Bado alikuwa mbali kidogo na boriti. Sauti nzito. Kasogea.

Mdachi akamwita.

Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mdachi alikuwa amesimama mbele ya kibanda, anafurahi kuiona pamba. Kaamuru ibebwe yote. Mizigo ya chakula ilikuwa imepungua, wapagazi wapo. Yote ibebwe.

Wapagazi wamepangwa mstari, gunia moja moja linatoka. Jumbe alikuwa amelala kifudifudi barazani kwa ajili ya mgongo wake, nikamwona anafunga macho. Rundo likashuka. Nikahesabu magunia yaliyobaki, nikaacha. Udongo ulianza kuonekana pembeni. Mpagazi mmoja alikanyaga ndani zaidi, nikasikia mlio mtupu, kama ngoma iliyofunikwa nguo.

Alikuwa yule Mzaramo. Alisikia. Alisimama, mguu wake juu ya kisima changu. Kaangalia chini. Kisha kainama, kachana gunia la chini kwa kidole, katoa kitu, akakionyesha.

"Afande," kamwambia shaushi, "haya ya chini yameoza. Yana mchwa."

Shaushi kauliza mangapi. Kasema yote yaliyogusa chini. Shaushi hakuja kuangalia. Baadhi ya askari wake walikuwa wameshika matumbo tangu alfajiri, wanakimbilia vichakani, na Mdachi alikuwa akipiga kelele safari ianze. Magunia ya chini yakaachwa. Mzaramo kajitwika lake, karudi kwenye kamba yake. Hakunitazama hata mara moja. Mimi nilimtazama mpaka njia ilipokata.

Kisha wakachoma. Askari waliobaki nyuma walipita nyumba kwa nyumba na vijinga. Nyumba ya Mwanaidi, nyumba ya Jumbe, maghala ya mpunga yote. Yangu, iliyo karibu na msikiti, imeungua nusu. Maandishi haya nilikuwa nayo kifuani. Msikiti wameuacha. Magunia yaliyooza wameyaacha.

Hatukuwa na maji ya kuzimia moto. Yaani tulikuwa nayo. Tulisimama juu yake tukatazama mpunga unaungua, kwa kuwa wa mwisho wao hawakuwa wamepotea machoni.

Sijui kama nimefanya vema. Mtu aniambie, na hakuna wa kuniambia.

Ijumaa, 1 Rajabu

Tumekifungua leo. Mitungi ilikuwa imekwisha tangu juzi, ila tulihofu jeshi kurudi.

Tukateremsha taa ndani ya chungu. Ikazimika. Watoto wanalia kiu, maji tunayasikia yakidondoka chini, na tunangoja. Wazee wawili wakataka kushuka hivyo hivyo kutazama kama kuta zimesimama. Nikawazuia, nikapaza sauti, nikatumia jina la marehemu mume wangu. Tukapepea kwa majamvi na matawi. Tumeteremsha taa tena baada ya alasiri. Ikawaka mpaka chini. Boriti zote zimesimama.

Tumeteka kwa mikono. Maji mazuri. Mwanaidi kanywa. Ndiyo mara ya kwanza tangu Sefu. Kanywa akakaa chini.

Habari kutoka barabarani, jeshi lile limeshikwa na kuhara damu. Askari wamezikwa njiani. Wapagazi wanaachwa walipoangukia. Namwomba Mungu yule mtu awe amekunywa kwenye kata yangu tu. Nasema hivyo, kisha nakumbuka kata ilikuwa moja, na safari ni ndefu.

Jumatano, 18 Shaabani

Njaa. Tunachimba viazi vya porini, ming'oko, na ndiga, ambayo usipoiloweka sawasawa inaua. Ndiga inataka maji mengi ya kuloweka. Kisima kinatekwa kutwa.

Hofu yangu sasa ni mvua. Jeshi limeacha uchafu kilima kizima. Vuli ikianza utashuka wote kisimani, na watu walivyodhoofika, kuhara kidogo kutamaliza mji. Tumechoma kilichochomeka, tumefukia kilichofukika. Haitoshi. Tumechimba mtaro kukata kilima kwa upana, juu ya kisima, upeleke maji ya mvua bondeni. Kazi ya watu wenye njaa. Jembe mara moja, kupumzika mara mbili. Jumbe Mketo haachi kuja, mgongo wake haujapona, anabeba udongo kwa kikapu kidogo. Mwanaidi ndiye msimamizi. Anajua kupima mteremko kwa kumwaga maji na kuyafuata. Simwongozi tena, namfuata.

Na mdomo wa kisima tumeujenga upya kwa mfinyanzi. Mbaya kutazama. Maji hayarudi.

Vijana waliokwenda na hongo, wamerudi wachache. Nimewauliza habari za Libanda. Mmoja katikisa kichwa, sikujua ana maana gani, hajui au hayupo.

Jumapili, 22 Shaabani

Mvua ya kwanza, mchana kweupe. Kubwa. Wote tumetoka tukasimama mtaroni tumelowa. Maji mekundu yakashuka kilimani, yakafika mtaroni, yakajaa. Pembeni yakataka kumwagika. Mwanaidi kajitupa hapo kwa magoti, anasukuma tope kwa mikono, na sisi sote tukamfuata. Yakageuka. Yakaenda bondeni.

Nimeonja maji ya kisima baada ya mvua kukatika. Nimeonja tena. Mazuri.

Alhamisi, 26 Shaabani

Kaja mwanamke kutoka milimani, na mtoto wa kike mgongoni, wote mifupa. Kauliza njiani kisima alichojenga Libanda kiko wapi. Anaitwa Somoe. Ni mkewe.

Wamechomewa kila kitu. Mumewe hakufika. Walimwambia tu alikuwa akifanya kazi huku, akaja hivyo. Nimemwambia alipoondoka, siku na njia. Kasikiliza. Nikampa mtoto ming'oko, nikampa yeye maji. Kanywa taratibu. Kisha kainama juu ya mdomo wa kisima, kazitazama boriti, mkono wake ukashuka ukapapasa pale zilipounganishwa. Kakaa hivyo.

Kasema kina tope, kizolewe kabla ya Ramadhani. Ni kweli. Nilikuwa nikiahirisha, kwa kuwa hapana wa kushuka. Wanaume waliobaki hawana nguvu. Nikasema nitashuka mimi. Mwanaidi kasema nimeingia wazimu. Somoe kauliza kamba iko wapi. Kaniambia ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe kamba, tangu walipooana.

Kanifunga mwenyewe chini ya kwapa. Taa ilikuwa imekwisha tangulia, inawaka. Nikashuka nimefumba macho, kisha nikafumbua. Ndani ni baridi, kuna harufu ya mikandaa. Miguu ikagusa tope. Nikaanza kujaza ndoo, zikawa zinapanda, zinarudi tupu. Baada ya muda tope likaisha nikahisi mchanga, na kati ya vidole vya miguu maji yakaanza kupanda, kidogo kidogo, baridi sana.

Nikasimama. Juu nikasikia Somoe anaimbia mtoto, Kimatumbi. Kamba ilikuwa imekazwa vizuri.